Nanga ya Nahodha Mbwana

Nanga ikishika, uliza imeshika nini.

Ndiyo methali mliyoisikia asubuhi kwenye mkutano wa ushirika, Bi Mafunda alipomjibu yule mgombea aliyejisifu kwamba nyuma yake ana watu wasiotikisika. Mlicheka kwa sababu wakubwa walicheka, kisha mkanifuata hapa kwenye banda la barafu kuniuliza imetoka wapi. Barafu haijaganda bado, kwa hiyo muda tunao. Chanzo chake ni tukio lililotokea hapahapa Chokaani, na nitawaeleza kama nilivyoelezwa na watu watatu waliokuwamo. Pale walipopingana nimepaacha. Nitasema yale tu waliyokubaliana wote watatu.

Zamani hizo boti za mashine zilikuwa chache, na iliyojulikana zaidi ilikuwa ya Nahodha Mbwana Shekue. Kila bamvua, maji yanapokupwa kupita kawaida, ndiyo iliyowapeleka wanawake kuchokoa pweza kwenye Fungu la Nyange. Mnalijua fungu lile. Kati yake na ufuko kuna mkondo wenye kina, na hakuna anayeuvuka kwa miguu hata maji yakipwa vipi. Maji yakijaa, fungu lote huzama, halibaki jiwe la kusimama. Kwa hiyo anayeshuka Nyange ameweka roho yake katika jambo moja: boti iwepo pale alipoiacha.

Nahodha Mbwana alikuwa na nanga ya kucha nne, aliyoikunja mwenyewe kwa nondo za ujenzi, na ilisifika kwa kunasa mara ya kwanza. Hapa kwetu kutia nanga kulikuwa na desturi yake. Nanga ikishatupwa, baharia aliyesimama omo, yaani mbele ya boti, huivuta kamba kwa nguvu zake zote. Ikikaza, hupaza sauti, "Imeuma!" na wote waliomo hujibu, "Na iume!" Hapo watu hushuka, nahodha akiwa wa mwisho, na boti huachwa tupu. Kubaki botini baada ya nanga kuuma kulikuwa ni kumvunjia nahodha heshima. Nahodha akibaki mwenyewe, alisemwa kwamba hauamini mkono wake. Mgeni angeliona kosa lililokuwamo humo siku ya kwanza. Wenyewe hawakuliona, maana walilirithi likiwa na jina la heshima.

Mahali pa kutupia palikuwa palepale miaka nenda miaka rudi: upande wa fungu unaotazama nchi kavu, penye matumbawe makubwa. Mchangani nanga hukokotwa, bali kwenye tumbawe hunasa. Kila ilipong'olewa ilipanda na kitu, leo tawi, kesho bamba zima, na baharia alikikung'uta baharini bila hata kukitazama.

Mwaka uliotangulia tukio lenyewe, kamati ya pwani ilileta wazamiaji wakaweka boya karibu na mahali hapo. Hawakulifunga kwenye matumbawe. Walitafuta mwamba mfu, wakatoboa tundu refu kama mkono wa mtu mzima, wakatia chuma chenye pete na kukijazia saruji. Kwenye pete wakafunga kamba nene, na katikati ya kamba wakaweka boya dogo la kuiinua, isije ikalala chini na kufagia viumbe hai. Juu likaelea boya kubwa la rangi ya chungwa, lenye kamba fupi ya kufungia boti. Boti ikifika, mtu hukamata kamba ile na kuifunga omo. Hakuna kinachotupwa chini. Ngwali Dadi, baharia wa Nahodha Mbwana, alifanya kibarua na wazamiaji hao, akawabebea saruji na kuzama nao.

Nahodha Mbwana alilijaribu boya mara moja. Boti ikacheza huku na huku, kama inavyocheza boti yoyote iliyofungwa kwenye boya, na hakuna aliyeweza kupiga kelele kwamba kuna kitu kimeuma. Akaifungua.

"Kitu kinachoelea kitashika nini?" alisema. "Hata nazi inaelea."

Aliyembishia alikuwa Zawena Mdoe, kiongozi wa wachokoaji na dada mkubwa wa mkewe. Kwa kuwa walikuwa mashemeji, waliambiana mambo ambayo wengine wasingethubutu.

"Shemeji, nanga yako inabomoa," Zawena alimwambia siku moja wakirudi. "Lile pango nililokuwa nikitoa pweza kila bamvua, leo nimekuta kokoto tupu."

"Pweza wamechoka kukuona uso, wamehama."

"Uso huu pweza wanaujua tangu hujaja kuposa kwetu. Wamehama kwa sababu umewavunjia nyumba."

"Basi wajenge nyingine. Wana mikono minane, mimi nina miwili."

Boti nzima ilicheka, Zawena naye akacheka. Jambo lile likaishia kwenye kicheko.

Siku ya tukio ilikuwa ya bamvua kubwa, na maji yalitarajiwa kupwa kabisa kabla ya adhuhuri. Upepo wa kusi ulikuwa umeanza kuvuma tangu alfajiri, si mkali, ila haukutulia. Safari hii Zawena alikuja na binti yake Kibibi, ambaye hakuwahi kushuka Nyange. Kibibi hakujua kuogelea. Hilo halikuwa jambo la ajabu, kwani wengi wa wanawake wale hawakujua. Kazi yao ilikuwa ya kutembea kwenye mwamba wakati maji hayapo, na hakuna aliyewafunza kazi nyingine.

Ngwali alitupa nanga. Ilinasa papo hapo, kwa mshtuko uliowafanya waliosimama wakae. Nahodha mwenyewe alikwenda omo akaivuta kamba mara mbili, na haikusogea hata kidogo.

"Imeuma!"

"Na iume!"

"Leo hata meli ingetulia hapa," nahodha alisema.

Zawena alionyesha boya kwa kidevu. "Na lile la kamati?"

"Lile pambo, shemeji. Bahari nayo inataka hereni."

Kamba ililegezwa hadi nyuma ya boti ikafika ukingoni mwa fungu, na wanawake walishuka mmoja mmoja, maji yakiwa magotini, wakapanda kwenye mwamba. Ngwali alichelewa. Alitazama upepo, akatazama kamba.

"Nahodha, upepo unaongezeka. Nibaki mimi?"

"Imeuma au haikuuma?"

"Imeuma."

"Basi shuka."

Akashuka. Nahodha akamfuata na kisu chake na kikapu, kwenda kubandua chaza wa chambo.

Kazi ilikwenda kama kawaida. Mwamba wa Nyange ni mrefu, na wachokoaji hutawanyika, kila mmoja akiinamia mashimo yake na kipande cha chuma mkononi. Mtu anayechokoa pweza hatazami mbali. Husikiliza miguu yake: maji yakimfika kifundoni, hujua yamegeuka, naye huanza kurudi. Siku hiyo yaligeuka kwa haraka zaidi, kwa sababu upepo uliyasukuma. Kibibi ndiye aliyesema kwanza kwamba miguu yake ina baridi.

Zawena akainua kichwa kuitafuta boti. Aliiona, lakini ilikuwa ndogo. Kwanza alidhani ni yeye aliyekwenda mbali. Halafu akalitafuta boya. Asubuhi boti na boya vilikuwa ubavu kwa ubavu. Sasa boya lilikuwa peke yake palepale lilipokuwa, na boti ilikuwa imekwisha kuingia mkondoni, omo yake ikiwa imeelekea pengine kabisa.

"Mbwana!" alipiga kelele. Hakumwita shemeji. "Boti!"

Nahodha alisimama, akaweka mkono juu ya macho. "Inayumba tu. Kamba nimeilegeza kidogo."

"Haiyumbi," Ngwali alisema. "Nahodha, tazama boya. Boya halijasogea."

Nahodha alitazama. Wote watatu walionieleza walikubaliana kwamba alisema, "Haiwezekani," kwa sauti ya mtu anayesahihisha hesabu ya mwenzake.

Boti nyingine zote zilikuwa zimetoka kuvua, mbali upande wa kaskazini. Ufukoni hakuna ambaye angeona watu waliozama hadi magotini katikati ya povu. Nahodha akatupa kikapu na kisu. Ngwali naye alianza kuvua shati, ila Zawena akamshika mkono.

"Mkienda wote wawili, huku anabaki nani anayejua kuogelea?"

"Baki nao," nahodha alisema, akajitupa majini.

Aliogelea vizuri. Waliona kichwa chake, kisha waliona kichwa chake na wimbi kwa zamu, kisha wakaona mawimbi tu. Boti ilizidi kwenda.

Wanawake walikusanyika mahali palipoinuka zaidi. Maji yalifika magotini. Mawimbi ya upande wa bahari kuu, ambayo mwamba huyavunja maji yakiwa yamekupwa, yalianza kupita juu ya fungu. Hayakuwa makubwa bado. Kila moja liliwasukuma hatua nusu, nao walirudi hatua ile nusu na kungoja jingine. Mmoja alianza kusoma dua kwa sauti, wengine wakaitikia. Hakuna aliyelia.

"Mama," Kibibi aliuliza, "yakijaa kabisa yanafika wapi?"

Zawena alimvuta karibu naye. Alimgeukia Ngwali.

"Lile boya linaweza kutushika?"

"Linaweza."

"Usiniambie linaweza. Asubuhi mliniambia imeuma. Limeshika nini?"

Ngwali alielewa swali. Akajibu taratibu ingawa meno yalikuwa yakigongana.

"Limeshika mwamba mfu, mama. Tundu lilitobolewa mbele ya macho yangu. Saruji niliibeba mimi na niliona ikijazwa. Bamvua iliyopita nilizama, nikaitikisa pete kwa mikono miwili. Haikucheza."

"Kamba je?"

"Niliipapasa kutoka juu mpaka chini. Haijalika popote."

"Linabeba watu wangapi?"

"Kwa kulipanda, hata wawili litazama nao. Kwa kulishika tu, mwili ukauachia uelee, wote mtatosha."

"Na sisi tutalifikiaje?"

Ngwali alipima kwa macho. Kutoka ukingo wa mwamba hadi kwenye boya palikuwa na umbali kama wa kutoka mlango wa msikiti hadi kibla, na chini hapakuwa na pa kukanyaga. Zawena alitazama wenziwe. Kila mwanamke alikuwa na khanga mbili, moja kiunoni na moja kichwani, juu ya nguo zake nyingine.

"Vueni khanga," alisema. "Zote. Fungeni ncha kwa ncha."

Walifunga maji yakiwa mapajani. Zawena alilipitia kila fundo, akalivuta kwa uzito wa mwili wake, na matatu akayafungua na kuyafunga upya. Hilo liliwachosha roho kuliko maji, kumwona mtu anafungua fundo wakati wimbi linakuja. Hata hivyo hakuharakisha. Ngwali akachukua ncha moja kwa meno, akaogelea, akaifunga kwenye kamba ya boya. Ncha ya pili Zawena alijifunga kiunoni, akachomeka mguu wake katika ufa wa mwamba.

Mmoja mmoja walijivuta. Ngwali alikwenda na kurudi, akimsindikiza kila mtu. Wawili walikunywa maji. Kibibi alipofika pale miguu inapoachana na mwamba aligeuka nyuma na kutaka kurudi, na ndipo mama yake alipomwambia kwa ukali ambao hakuwahi kuutumia, "Ukirudi huku hakuna huku. Nenda!" Kibibi akaenda.

Zawena alivuka wa mwisho, maji yakiwa kifuani. Pweza wote waliachwa kwenye ndoo, na ndoo zilikuwa zimekwisha kuelea zenyewe.

Pale kwenye boya hapakuwa na kazi tena, na hilo lilikuwa baya zaidi. Boya lilizama nusu. Kila wimbi lilipowainua, kamba ya chini ilikaza, nao waliusikia mvuto ule kwenye viganja vyao, na kila mmoja alingoja kusikia kama safari hii utaendelea au utakatika ghafla. Kila mara ulifika mahali palepale na kusimama. Zawena aliwaamuru waitane majina kwa zamu, kuzunguka boya, ili asiwepo atakayeteleza kimya kimya. Wakaitana. Mara moja jina moja halikuitikiwa, nao wote wakapiga kelele kwa pamoja, kumbe mwenyewe alikuwa na maji kinywani. Nyange ilikwisha kufunikwa yote. Mtu asiyejua angeapa kwamba pale hapajawahi kuwa na mwamba.

Mwishowe wakasikia mashine.

Boti ilikuwa inakuja, lakini polepole mno, omo ikiwa imeinama kana kwamba kuna mtu anayeivuta kutoka chini.

"Mbona inakuja kama mgonjwa?" mmoja aliuliza.

Nahodha alikuwa ameipata mbali, katikati ya mkondo, akapanda nguvu zikiwa zimekwisha. Alipovuta kamba ya nanga, haikupanda. Ilikuwa nzito kuliko nanga, na ilikuwa inaning'inia bila kugusa chini. Kuikata hakuweza, maana kisu alikiacha mwambani. Akawasha mashine hivyo hivyo na kuja akiikokota.

Alisimamisha boti kando ya boya. Aliwavuta ndani mmoja baada ya mwingine, na kila aliyepanda aligeuka kumpa mkono anayefuata. Walipotimia wote, Zawena akarudia majina tena, kwa utaratibu, akimgusa kila mmoja bega. Hakupungua mtu.

Ndipo nahodha, Ngwali na wanawake wawili walipoishika kamba ya nanga pamoja na kuivuta. Kilichotokea juu ya maji kilikuwa tumbawe zima, kubwa kama sufuria ya kupikia shughuli. Juu lilikuwa hai, lenye rangi ya kahawia iliyokoza. Chini, pale lilipovunjika, lilikuwa jeupe na lenye matundu matundu kama mkate uliopitiwa na mende. Kaa wadogo walikuwa wanadondoka kutoka humo na kurudi baharini. Na kucha nne za nanga zilikuwa zimezama ndani yake, moja kila upande.

Nahodha Mbwana alilitazama kwa muda mrefu.

"Nanga yangu haikuachia," alisema. "Tazameni. Kucha zote nne."

Alikuwa anasema kweli, na kila mtu aliona kwamba ni kweli.

"Haikuachia, shemeji," Zawena alijibu. Alikuwa akikamua nguo yake. "Ulijua imeshika nini?"

Nahodha akashika usukani, akaelekeza boti nyumbani.

Maji yaliposafika, Ngwali alizama pale mahali pa kutupia nanga na kurudi na maelezo. Palikuwa na kifusi. Miaka yote ile ya kunasa na kung'oa ilikuwa imevunja kila kilichokuwa hapo, na tumbawe lile lilibaki peke yake, limesimama juu ya shina lililotobolewa na viumbe vinavyokula mawe. Ndiyo maana nanga ilinasa vizuri kuliko siku zote, kwani hapakuwa na kitu kingine cha kunasa. Tumbawe la namna ile huongezeka upana wa ukucha wa kidole kwa mwaka, na kwa mwaka mbaya haliongezeki kabisa. Lilikuwa limeanza kukua kabla babu yake Nahodha Mbwana hajazaliwa, na lilikatika asubuhi moja, watu wakiwa wanachokoa pweza.

Bamvua iliyofuata wanawake walikataa kwenda Nyange. Na ile ya baada yake pia. Kwa kijiji hiki hiyo ilikuwa njaa hasa, si ishara tu ya hasira. Nahodha hakwenda kuwabembeleza majumbani, na wala hakuapa mbele ya mtu. Alikwenda mwenyewe na Ngwali, akafunga boti kwenye boya, akazama. Alifanya hivyo maji madogo na makubwa, watu wakimwona kutoka ufukoni, hadi siku moja Zawena akaja na ndoo yake, akasimama kando ya boti.

"Umeona nini huko chini?"

"Pete ipo. Saruji haina ufa. Kamba imelika kidogo karibu na boya dogo, nimeibadilisha."

"Na nani anabaki botini?"

"Ngwali."

Zawena akapanda, na wengine wakamfuata.

Manahodha wenzake walimdhihaki. Siku moja walimkuta anapanda kutoka majini, macho mekundu kwa chumvi, ameshika kingo za boti na kuhema. Mmoja wao, aliyekuwa ametupa nanga yake jirani na kupigiwa "Imeuma!" muda si mrefu, akamcheka mbele ya abiria wake wote.

"Nahodha mzima unachungulia chini kama mtoto aliyepoteza kiatu! Nanga yangu mimi imeshika, sina haja ya kulowa."

Nahodha Mbwana alifuta uso. Hakukasirika. Alimjibu kwa sauti ya kutosha ili abiria wa boti ile pia wasikie, na inasemwa kwamba wawili kati yao, waliokuwa na mguu mmoja tayari majini, waliurudisha ndani.

"Nanga ikishika, uliza imeshika nini."